Elfu 180 Ghuba au elfu 40 Ligi Kuu: jibu kwa kaka wa winga wa Kisauni

Swali nililoletewa nimelifupisha kidogo, lakini kiini chake ni hiki:

"Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu ana miaka 19, ni winga, anachezea timu ya daraja la chini hapa Mombasa. Ana karatasi mbili mezani. Moja ni ya klabu ya daraja la pili huko Ghuba: miaka miwili, kama shilingi 180,000 kwa mwezi, nyumba na chakula juu ya klabu. Imeletwa na wakala ambaye anataka asilimia 10. Nyingine ni ya klabu ya Ligi Kuu yenye makao Nairobi: miaka miwili pia, shilingi 40,000, na kocha amesema kwa mdomo wake kwamba dogo ataanza. Baba aliumia kazini na hafanyi kazi tena, mama anauza mahamri na mbaazi, mimi naendesha tuktuk. Dogo mwenyewe anataka ya Nairobi, anasema anataka timu ya taifa, Harambee Stars, kisha Ulaya. Mtaa mzima unasema amerukwa na akili. Baba anasema tusiache mbachao kwa msala upitao, ila hata yeye hatuambii mbachao ni upi. Nimekupigia picha kurasa za mikataba yote miwili. Tumwambie nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na huo mtaa, maana naona ndio unaokukosesha usingizi kuliko karatasi zenyewe. Vijana wa maskani waliomtukana Jordan Henderson Julai 2023, alipoacha unahodha wa Liverpool akaenda Al-Ettifaq ya Saudi Arabia, ndio hao hao leo wanamwona mdogo wako hana akili kwa sababu anasita kwenda Ghuba. Mchezaji wa mbali akifuata pesa ni msaliti, wa kwetu asipoifuata ni mjinga. Sisemi wana nia mbaya. Henderson walikuwa wakimtazama kwa jicho la shabiki, mdogo wako wanamtazama kwa jicho la jirani anayejua mama anaamka saa ngapi kukanda unga. Jicho la jirani lina haki yake. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeusoma ukurasa wa sita wa ule mkataba wa Ghuba, na mimi nimeusoma. Nitaufikia.

Mmelipanga swali lenu hivi: pesa upande huu, mpira upande ule. Katika mikataba ya wachezaji niliyoisoma hapa Pwani, ni mara chache nimeona vitu hivyo vimetengana kweli. Kwa kijana wa miaka 19 mpira ndio unaozaa pesa, na nikisema mpira nina maana ya dakika za kucheza, si jina la klabu wala ukubwa wa uwanja. Kwa mtu wa miaka 33 hesabu inageuka kabisa. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza umri, halafu nani atampanga, halafu karatasi inasema nini siku mambo yakiharibika. Mshahara huja baada ya hayo.

Umri hauna maneno mengi. Cristiano Ronaldo alikuwa na miaka 37 alipotia saini Al Nassr mwisho wa Desemba 2022. Karim Benzema alikuwa na 35 alipokwenda Al-Ittihad mwaka 2023, na Ballon d'Or ya 2022, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ikiwa bado mpya kabatini. Walikuwa wamebakiza nini cha kutafuta Ulaya? Anayewalaumu hao na anionyeshe yeye alikataa malipo gani akiwa karibu kustaafu.

Kesi ngumu ni za vijana. Oscar wa Brazil aliondoka Chelsea Januari 2017 akiwa na miaka 25, akaenda Shanghai kwa ada ya kama pauni milioni 60. Hakuficha kwamba aliifikiria familia yake. Alikaa China hadi mwisho wa 2024, akatwaa ligi ya huko mara tatu, na hakuonekana tena na Brazil kwenye Kombe la Dunia, si la 2018 wala la 2022. Gabri Veiga alikwenda Al-Ahli ya Jeddah Agosti 2023 akiwa na miaka 21, wakati Napoli walikuwa wakimtaka. Toni Kroos alimkejeli hadharani. Miaka miwili baadaye kijana ana medali ya ubingwa wa Asia na yuko Porto, Ureno. Kwa hiyo hata aliyekwenda mapema hakuzikwa. Huyo lakini alikwenda klabu kubwa kabisa ya huko, kwa ada ya makumi ya mamilioni ya euro, na mtu aliyemwaga ada hiyo hamweki mchezaji benchi kwa raha. Klabu inayomtaka mdogo wako haimnunui kwa senti moja. Atakuwa mtu rahisi sana kumtupa.

Na tafadhali msimpigie mfano wa Kylian Mbappé, maana najua kuna mjomba atauleta. Ni kweli kwamba Julai 2023 Al Hilal waliweka mezani euro milioni 300 kwa PSG na yeye hakutaka hata kuketi nao. Mwaka uliofuata akaenda Real Madrid akifuata makombe, na Mei 2025 PSG, katika msimu wa kwanza bila yeye, ikaichapa Inter 5-0 ikabeba Ligi ya Mabingwa. Hapo pekee unaona kwamba kuchagua mpira hakukupi hati ya kombe. Kubwa zaidi, Mbappé akikataa mamilioni hakuna mtu kwao atakayelala njaa. Hadithi ya tajiri aliyekataa utajiri zaidi haimfundishi kitu kijana ambaye baba yake hawezi kubeba mzigo tena.

Tutazame watu wa huku kwetu, ambao safari zao zinafanana na yenu.

McDonald Mariga alijiunga na Inter Milan mwanzoni mwa 2010 akitokea Parma, na Mei mwaka huo akawa na medali ya ubingwa wa Ulaya. Mkenya gani asingesaini? Hata mimi ningemwambia saini. Lakini nafasi ya kudumu hakuipata. Akapelekwa Real Sociedad kwa mkopo, akarudi Parma kwa mkopo, na majeraha yakaongezea. Ile klabu ilikuwa na pesa na sifa kwa pamoja, kilichokosekana ni dakika. Kuna na mfano mbaya zaidi, wa Mholanzi Winston Bogarde, aliyetia saini miaka minne Chelsea mwaka 2000, akacheza mechi 9 tu za ligi, na akakataa kuondoka mpaka mkataba uishe. Alikuwa karibu na miaka 30 alipoingia, alikuwa ameshacheza Ajax na Barcelona, na karatasi ilikuwa upande wake. Wamcheke wanaotaka. Lakini angekuwa na miaka 19, miaka ile minne ingeondoka na kila kitu.

Sasa Michael Olunga. Alifunga mabao 19 akiwa Gor Mahia msimu wa 2015, akaenda Djurgården ya Sweden, na mwanzoni mwa 2017 akaenda China, klabu ya Guizhou. Hapo ndipo penye funzo lenu. Mwaka huo huo chama cha soka cha China kiliamua kwamba wageni wasiozidi watatu tu ndio watacheza katika mechi moja. Klabu iliyokuwa na wageni wengi kuliko nafasi ikawa na wageni wanaolipwa kutazama. Kabla mwaka haujaisha Olunga alikuwa Girona, Hispania, kwa mkopo, na Januari 2018 akaifunga Las Palmas mabao matatu katika mechi moja. Kisha Kashiwa Reysol ya Japani, wakashuka daraja, akabaki nao. Novemba 2019 akafunga mabao 8 katika mechi moja waliyoshinda 13-1, ligi ya daraja la pili. Mwaka 2020, wakiwa wamerudi juu, akafunga 28 akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Januari 2021 ndipo Al-Duhail ya Qatar ilipomchukua. Alikwenda Ghuba akiwa na miaka 26, mabao 28 mkononi, na klabu iliyomhitaji kuliko yeye alivyoihitaji. Nchi za Ghuba ni zile zile anazoambiwa mdogo wako aende leo. Tofauti iko katika nani anamsubiri nani mlangoni.

Nikikuachia hapo nitakuwa nimeegemea upande mmoja, kwa sababu Dennis Oliech alifanya kinyume. Alikwenda Al-Arabi ya Qatar akiwa hajafika miaka 20, na kutoka huko akasajiliwa Nantes ya Ufaransa mwaka 2005, kisha Auxerre, na msimu wa 2010/11 akacheza Ligi ya Mabingwa katika kundi lenye Real Madrid, Milan na Ajax. Kwa hiyo msikubali mtu awaambie Ghuba ni kaburi. Ila Oliech hakuwa jina lisilojulikana. Alikuwa kwenye kikosi cha Harambee Stars cha Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la 2004 kule Tunisia, na alifunga katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Burkina Faso. Na alicheza. Narudia neno hilo makusudi.

Kuna pia njia ya kushuka ili upande. Beki wa kushoto Eric Ouma aliondoka Gor Mahia akazunguka Georgia na kwingineko bila kutulia, akaishia Vasalund, klabu ya madaraja ya chini ya Sweden ambayo hapa Mombasa hakuna mtu angenunua jezi yake. Huko akacheza. Mwaka 2020 AIK ya Stockholm ikamchukua. Na wa karibu zaidi ni Ryan Ogam. Alikuwa Tusker, kwenye ligi hii hii mnayoidharau, akaitwa kwenye CHAN iliyochezwa Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda. Akaifunga Morocco, akaifunga Zambia, na kabla ya vumbi kutulia alikuwa Wolfsberger ya Austria. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao. Angekuwa benchi la daraja la pili mahali fulani kwa mshahara mara tano, asingeruhusiwa hata kuitwa. Na mbele kuna AFCON ya 2027, ambayo nchi hizo hizo tatu zimepewa kuiandaa. Mdogo wako atakuwa na miaka 21. Makocha wa taifa huangalia nani anacheza wiki hii.

Kijana wa miaka 19 aliye benchi ni kama samaki aliyewekwa bila barafu pale Marikiti: hajaharibika bado, lakini kila saa bei inashuka na mnunuzi anajua.

Haya, hesabu. Wewe umeniandikia kwamba 180,000 mara 24 ni 4,320,000, na 40,000 mara 24 ni 960,000, na tofauti ingemaliza nyumba. Hesabu yako iko sawa kama karatasi zote mbili zitatimia mpaka mwisho. Sasa fungua ukurasa wa sita. Kipengele kinaipa klabu haki ya kumwachisha wakati wowote kwa kumlipa mishahara ya miezi miwili. Mchezaji akitaka kuondoka yeye, analipa mishahara yote iliyobaki. Soma tena. Huo si mkataba wa miaka miwili. Ni mkataba wa miezi miwili unaojifanya mrefu, na mwenye kamba ni mmoja tu. Wakimtoa dirisha dogo la usajili la Januari baada ya miezi sita, atakuwa amepata miezi sita na miwili ya fidia, jumla 1,440,000, ukitoa ya wakala 1,296,000.

Utaniambia, na utakuwa na haki, kwamba hata hiyo inazidi 960,000 za Nairobi. Naam, inazidi. Kwa shilingi Ghuba inashinda hata ikiharibika nusu, mradi walipe, na ndiyo maana simwiti mjinga yeyote anayekwenda. Lakini fuata kisa mpaka mwisho. Januari kijana anashuka Moi akiwa na miaka 20, hana klabu, hana video ya mechi ya maana kwa miezi sita, na kocha wa Nairobi ameshampata winga mwingine. Ataanza tena kutoka wapi? Ndondo za Ramadhani? Nimewaona wakirudi hivyo. Pesa hujenga vyumba viwili, na kijana hukaa ndani ya hivyo vyumba akingoja simu.

Na "mradi walipe" si jambo dogo. Chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, kiliwauliza wachezaji wapatao 14,000 katika nchi 54 na kutoa ripoti mwaka 2016: asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mshahara katika misimu miwili iliyotangulia. Utajiri wa mwenye klabu hauondoi hatari hiyo. Jiangsu ya China ilitwaa ubingwa Novemba 2020 na Februari 2021 ikafunga milango kwa sababu mwenye mali aliamua kuacha. Anzhi ya Urusi ilimchukua Samuel Eto'o mwaka 2011 kwa mshahara uliosemwa kuwa mkubwa kuliko yote duniani wakati huo. Agosti 2013 tajiri akafunga mfuko, wachezaji wakauzwa mmoja mmoja, na timu ikashuka daraja. Tena huko walikuwa wakiitwa mabingwa na mastaa. Daraja la pili hakuna hata mwandishi wa habari wa kuuliza.

Sasa nigeuze shoka upande wa Nairobi, maana huko nako hakuna malaika. Elfu 40 ya Ligi Kuu ya Kenya inaweza kuwa elfu 40 ya karatasi. Mdhamini mkuu alipojiondoa mwaka 2019 klabu nyingi zilianza kulipa kwa mafungu, na wachezaji waligoma mazoezi. Mwaka 2022 FIFA iliifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba na Harambee Stars ikakosa hata mechi za kufuzu AFCON. Msikubali klabu iwaambie tu "sisi ni familia". Waulizeni wachezaji waliopo, si viongozi: mshahara wa mwisho uliingia tarehe ngapi? Swali hilo moja lina faida kuliko kusoma historia ya klabu. Tena elfu 40 Nairobi, ukitoa chumba, chakula na matatu, haifiki nyumbani Kisauni ikiwa na uzito. Kama klabu haitoi nyumba, kijana hatatuma kitu cha maana, na hilo mama ajue mapema ili asije akalidhania ni ubahili.

Wazee wa Mombasa walikuwa na hesabu ya tatu ambayo nyinyi hamkuitaja. Tangu klabu ya Feisal ya hapa Mombasa ilipotwaa ligi ya taifa mwaka 1965 taji hilo halijarudi Pwani, lakini vipaji havijawahi kukauka, na wengi hawakuondoka kwa sababu bandari ilitoa mpira na ajira kwa pamoja. Ukicheza vizuri unapata kazi, ukitundika njumu unabaki na kazi. Watu huwadharau waliochagua hivyo, eti hawakuwa na tamaa ya kufika mbali. Mimi nawaona na nyumba zao na pensheni zao na sithubutu kuwacheka. Sisemi mdogo wako akagonge mlango wa Bandari FC kesho, ingawa si wazo baya. Ninasema msiione milango miwili tu kwa sababu makaratasi ni mawili.

Mlango mwingine uko ng'ambo ya Lunga Lunga. Ligi ya Tanzania ilitia saini na Azam Media mwaka 2021 mkataba wa matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225 za Tanzania, na pesa hiyo imebadilisha mishahara ya eneo hili lote. Meddie Kagere alitoka Gor Mahia kwenda Simba mwaka 2018, akawa mfungaji bora misimu miwili mfululizo, mabao 23 kisha 22. Francis Kahata na Joash Onyango nao wakafuata njia hiyo hiyo. Kule mtu analipwa vizuri zaidi, anacheza mechi za mashindano ya klabu za Afrika, anaongea Kiswahili chake na anaweza kurudi nyumbani kwa basi. Msimu mmoja mzuri Nairobi unaufungua mlango huo. Miezi sita ya benchi Ghuba inaufunga.

Nikitaja Tanzania siwezi kupita kisa cha mchezaji Feisal Salum, Fei Toto, kwa sababu ndicho darasa bora la vipengele tulilonalo kwa lugha yetu. Desemba 2022 aliiandikia klabu yake, Yanga, kwamba anavunja mkataba, akaweka shilingi milioni 112 za Tanzania kwa jumla, akiamini kifungu cha mkataba wake kinamruhusu. Klabu ya Azam walikuwa wakimsubiri na mshahara mnono. Shirikisho likaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje miezi, huku wenzake wakifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, na mwishowe Juni 2023 Yanga wakamuuza Azam, baada ya Rais Samia mwenyewe kuligusia jambo hilo. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi, mawili pungufu ya Aziz Ki aliyeongoza. Ubingwa ukabaki Yanga. Nani alikosea? Mimi sioni kosa katika kutaka mshahara bora. Naona kifungu ambacho pande mbili zilikisoma kwa namna mbili, na nusu msimu wa mchezaji ukaliwa na ugomvi huo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni Nairobi, lakini si Nairobi ya karatasi hii. Mdogo wako ana kitu mkononi ambacho hajakitumia: ofa ya Ghuba yenyewe. Nendeni kwa klabu ya Nairobi mkiwa na barua ile, kwa adabu, mwambie mwenyekiti kwamba kijana anataka kwao ila nyumbani kuna njaa ya kweli. Ombeni nyumba au posho ya nyumba. Ombeni mshahara upande. Hata ukifika 60,000 bado ni bei rahisi kwao kwa winga wanayesema ataanza. Ahadi ya kocha ya kumpanga haiandikiki kwenye mkataba, na makocha hufukuzwa, kwa hiyo badala yake ombeni bonasi kwa kila mechi anayoanza. Mtajua papo hapo kama kocha alikuwa akisema kweli, kwa uso utakaouona mezani. Na kubwa kuliko yote, kifungu cha kumwachia: klabu ya nje ikileta kiasi fulani kilichoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, anaondoka, bila "kwa makubaliano ya pande zote" wala maneno mengine ya kuzungusha. Kiasi kiwe kidogo cha kuvutia klabu ya Dar es Salaam au Sweden. Kama wanataka miaka miwili wape, kwa kifungu hicho. Wakikataa kifungu, wapeni mwaka mmoja.

Wakikataa kila kitu, hapo nitabadili kauli, na msione haya kunikumbusha. Klabu isiyotoa nyumba, isiyoongeza shilingi na isiyokubali kumwachia haimtaki kwa kucheza, inamtaka kwa kumuuza. Hapo Ghuba inakuwa chaguo halali, kwa masharti. Ukurasa wa sita ubadilishwe, fidia ya kumwachisha iwe mishahara yote iliyobaki, kama wanavyomdai yeye. Muulizeni wakala klabu ina wageni wangapi waliosajiliwa na ligi yao inaruhusu wangapi uwanjani. Ligi kuu ya Saudi yenyewe, kwa utajiri wake wote, inaruhusu wageni 10 tu kikosini tangu msimu wa 2024/25, na madaraja ya chini kwa kawaida hubana zaidi. Kama wageni ni wengi kuliko nafasi, mmeshajua habari ya Olunga. Msikubali pia mkataba unaosema utaanza kazi "akifaulu vipimo vya afya" au "akipata kibali". FIFA hairuhusu mkataba utegemee mambo hayo. Vipimo hufanywa kabla ya saini.

Akienda na wasipomlipa, kuna njia. Mishahara ya miezi miwili ikikwama, anaiandikia klabu notisi ya siku 15. Wasipolipa ana haki ya kuvunja mkataba na kudai fidia FIFA, bila kulipia kesi, ndani ya miaka miwili. Simon Msuva aliishitaki Wydad ya Morocco huko FIFA na akashinda. Chama cha wachezaji wa Kenya, KEFWA, ni mwanachama wa FIFPRO na kinaweza kuwasaidia kuandika. Pasipoti yake isikae kwa mtu mwingine hata kwa usiku mmoja.

Kuhusu nyumbani. Kaeni na mama mpige hesabu ya chini kabisa: kodi, dawa za baba, unga. Si nyumba mpya, si harusi ya dada. Kiasi hicho ndicho kijana anachodaiwa kuchangia, na tuktuk yako ichangie kilichobaki kwa miezi 12. Najua ni kukuongezea mzigo wewe. Lakini mkimpa kijana wa miaka 19 deni la kujenga, atacheza na goti linalouma kwa kuogopa kukosa bonasi, na wachezaji wengi wa Pwani wameishia hapo kuliko kwenye mikataba mibaya. Ulizeni pia bima ya majeraha katika karatasi zote mbili. Ya Nairobi sikuiona kabisa.

Mwisho ni huyo wakala. Jina lake litafuteni kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ambayo FIFA imeiweka wazi mtandaoni. Asipokuwepo, mazungumzo yaishie hapo. Kanuni za FIFA za 2023 ziliweka ukomo wa asilimia 5 kwa mchezaji wa kiwango cha mshahara huu. Ukomo huo ulipingwa mahakamani Ulaya na FIFA ikausimamisha, lakini bado unawaonyesha kwamba 10 ni nyingi. Na katika picha ulizonitumia kuna karatasi ya kurasa mbili ambayo hukuitaja kwenye swali, ya uwakilishi, inayompa haki ya pekee ya miaka mitano kwa kila uhamisho wa kijana popote duniani. FIFA hairuhusu izidi miwili. Hiyo msiitie saini hata kama mtakubali Ghuba, na kama ameshaisaini, nipigie leo kabla hamjakwenda Nairobi.